Masharti Yaliyotangulia Kugawanywa kwa Ardhi

Hoja inayorudiwa kuliko zote katika baraza la ardhi la kijiji chetu, nje kidogo ya jiji la Dodoma, ni kwamba mali ni ya mwenyewe, na mwenyewe ana hiari ya kuitumia apendavyo. Hoja hiyo imepata nguvu zaidi tangu Dodoma ilipotangazwa kuwa jiji mwaka 2018, kwa sababu mashamba ya uwele na mtama ambayo zamani hayakugombewa na mtu sasa yanapimwa viwanja, na kipande ambacho babu alikilima bila kukihesabu kimegeuka kuwa kitu cha kuzungushiwa ukuta. Mimi ni mjumbe wa baraza hilo, na kwa muda sasa nimekuwa nikisoma jinsi walimu wa Kiyahudi walivyoishughulikia hoja hiyo hiyo, katika Torati ambayo sisi Wakristo tunayo ndani ya Agano la Kale, na zaidi katika Mishna na katika Talmud, yaani mijadala mirefu ya walimu hao juu ya Mishna, maandiko ambayo hayasomwi sana huku kwetu. Nimeshawishika kwamba waliona jambo ambalo sisi tunalipita: mipaka ya umiliki ilikuwepo kabla mtu hajakabidhiwa chochote, wala haikungojea huruma yake baada ya kumiliki.

Ni lazima niseme mapema kwamba mapokeo hayo hayaudharau umiliki hata kidogo. Kumbukumbu la Torati linakataza kuondoa alama ya mpaka wa jirani, na kisa cha Nabothi katika 1 Wafalme 21 kinaonyesha umbali ambao katazo hilo lilifika. Mfalme Ahabu alilitaka shamba la mizabibu lililopakana na jumba lake, akaahidi kutoa shamba bora zaidi au fedha, na Nabothi akakataa kwa kuwa ulikuwa urithi wa baba zake. Mfalme akarudi nyumbani akajilaza bila kula, kwa sababu hakuwa na njia ya halali ya kulichukua. Ilibidi Yezebeli atafute mashahidi wa uongo na kumwaga damu ndipo shamba lipatikane, na nabii Elia akatumwa kumhukumu mfalme kama muuaji. Mtu anayefikiri kwamba kuweka mipaka kwenye mali ni kuidhoofisha mali angeanza na kisa hicho.

Hata hivyo, Nabothi mwenyewe hakuwa mmiliki kwa maana tunayoitumia barazani. Mambo ya Walawi 25 yanatamka kwamba nchi haitauzwa moja kwa moja, kwa kuwa ni ya Mungu, na waliomo ni wageni kwake. Aliyeuza shamba aliuza idadi ya mavuno yaliyobaki hadi mwaka wa yubile, mwaka wa 50, ambapo shamba lilirudi kwa ukoo wake, na bei ilipanda au kushuka kulingana na wingi wa miaka iliyosalia. Msomaji wa Tanzania haoni jambo hili kuwa geni. Sheria zetu mbili za mwaka 1999, Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zinaiweka ardhi yote mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi, na hati ya kumilikishwa haizidi miaka 99. Lakini kuna tofauti ambayo naiona kuwa kubwa: katika Torati mwenye nchi si dola, na kwa hiyo mfalme naye ni mpangaji kama mkulima. Ndiyo maana Ahabu alikwama. Talmud inaeleza kwamba yubile ilikoma zamani sana, makabila ya mashariki ya Yordani yalipochukuliwa uhamishoni, kwa hiyo walimu walioishi karne nyingi baadaye hawakuwa wakilinda taratibu za kurudisha mashamba. Walichokilinda ni ile fikra kwamba aliyeshika kitu amekipokea kikiwa tayari na masharti.

Mahali ambapo fikra hiyo inaonekana wazi zaidi ni mavunoni. Mambo ya Walawi 19 na Kumbukumbu 24 vinamwamuru mkulima asivune pembe za shamba lake, asiokote masuke yaliyoanguka, asirudie mganda aliousahau, wala asipukute mizabibu hadi tawi la mwisho. Wengi wetu tunayafahamu haya kupitia Ruthu, aliyeokota masazo katika shamba la Boazi, na mahubiri niliyoyasikia kuhusu Ruthu humsifu Boazi kwa ukarimu. Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilishwa yapata mwaka 200, ina kitabu kizima kuhusu pembe hizo za shamba, na kitabu hicho hakimtazami mkulima kama mkarimu. Pembe inayoachwa haina kiwango cha juu, lakini isipungue sehemu moja ya 60 ya shamba, na kipimo kitazamwe kwa ukubwa wa shamba na wingi wa maskini. Suke moja au mawili yakianguka pamoja ni ya maskini, na matatu ni ya mwenye shamba. Maskini wanaingia mara tatu kwa siku, asubuhi, adhuhuri na alasiri, wala hawavuni kwa mundu, wasije wakajeruhiana katika kugombania. Mitende na mizabibu iliyopanda juu ina utaratibu wake: mwenye mali ndiye anayeshusha matunda na kuyagawa, kwa kuwa kupanda ni hatari. Aliye na zuz 200, fedha ya wakati ule, haruhusiwi kuokota kabisa. Watu wasio Wayahudi hawazuiwi kuokota pamoja na maskini wa Kiyahudi, ili amani idumu.

Sharti lililonishtua zaidi limo katika sura ya 5. Linasema kwamba mtu asiyewaacha maskini waokote, au anayemruhusu mmoja na kumzuia mwingine, au anayemsaidia mmoja wao kuokota, amewaibia maskini. Kosa la mtu wa kwanza tunalielewa. Kosa la wa tatu linahitaji kutafakariwa, kwa sababu amefanya kile ambacho sisi tungekiita wema: amemwona mjane anayemfahamu, amemsogezea masuke. Mishna inamwita mwizi kwa kuwa masuke hayakuwa yake ya kusogeza. Sehemu ile haikupita mikononi mwake hata kidogo. Ilikuwa ya maskini wote tangu ilipoanguka, na mwenye shamba hana hata ile heshima ndogo ya kuchagua nani amshukuru. Nimejaribu kuupima ukarimu wetu kwa kipimo hicho, michango ya misibani, magunia ya mahindi yanayogawiwa wakati wa njaa huku mtoaji akipigwa picha, na naona jinsi tunavyothamini uchaguzi wa mtoaji kuliko haki ya mpokeaji. Ugogo ni nchi ya mvua haba, nchi inayoikumbuka Mtunya, ile njaa kubwa iliyoua watu wengi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake. Katika nchi ya namna hiyo, kumwacha mwenye ghala aamue nani ale ni kumpa mamlaka ambayo mwanadamu hapaswi kuwa nayo juu ya mwenzake.

Walimu hao hawakukubali kila upanuzi wa haki ya asiye na kitu, na jambo hili linanifanya niwaamini zaidi. Kumbukumbu 23 linasema kwamba ukiingia katika shamba la mizabibu la jirani yako unaweza kula zabibu hadi ushibe, lakini usitie katika chombo chako. Ukiisoma aya hiyo ukiwa Mpunguzi au Hombolo, ambako zabibu ni ada ya shule na bati la nyumba, swali la kwanza ni kama kila mpita njia anahusika. Talmud ya Babeli inasimulia kwamba Rav, mmoja wa walimu wakubwa wa huko, alilipata gombo lililokuwa limefichwa, na ndani yake Isi ben Yehuda alifundisha kwamba aya inamhusu mtu yeyote anayeingia. Rav akasema kwamba kwa mafundisho hayo Isi hajamwachia mtu njia ya kuishi, maana hakuna mkulima angebaki na mavuno. Sheria ikathibitishwa kuwa haki hiyo ni ya kibarua, tena wakati anapovuna. Kibarua huyo anaweza kula hata kiasi kinachozidi ujira wake, hivyo ndivyo wengi wa wahenga walivyoamua dhidi ya Rabi Elazar Hisma, lakini wakaongeza ushauri kwamba afundishwe asiwe mlafi akajifungia mlango wa kuajiriwa tena. Mimi nina mizabibu michache, na nakubaliana na uamuzi wao. Kibarua anayechuma zabibu kwenye jua la Dodoma huku akikatazwa kuonja anatendewa vibaya hata akilipwa ujira wote.

Kuhusu mkopo na rehani sitarefusha, ingawa ndilo linalogusa maisha ya mjini zaidi. Kutoka 22 kunaamuru vazi lililowekwa rehani lirudishwe kabla ya jua kuchwa. Kumbukumbu 24 linakataza kuchukua jiwe la kusagia, na linamtaka mdai asimame nje, asiingie nyumbani mwa mdaiwa kuchagua. Mishna inaongeza kwamba mto wa kulalia urudishwe usiku na jembe la kulimia lirudishwe mchana. Wanaoishi na mikopo ya kausha damu wanajua kinyume chake, maana wanaokuja kudai huingia hadi chumbani na kuondoka na godoro, sufuria na cherehani inayomlisha mwenye deni. Deni ni halali na mdai anastahili kulipwa. Lakini kuna vitu ambavyo vinashikamana na uhai wa mtu kiasi kwamba haki ya mdai haivifikii.

Nimefika kwenye jambo ambalo limenisaidia zaidi katika kazi ya usuluhishi. Katika Pirkei Avot, kitabu cha Mishna chenye maneno ya hekima, inasemwa kwamba mtu anayesema changu ni changu na chako ni chako ana tabia ya kawaida, na wengine husema hiyo ndiyo tabia ya Sodoma. Kauli hizo mbili zimewekwa sambamba bila kupatanishwa. Mtu huyo hajaiba, hajadhulumu, hajatamani cha mwenzake. Ni raia mwema. Wale wengine waliona kwamba mji mzima wa watu wa namna hiyo unaweza kuwa mahali pa kutisha, na Ezekieli 16 alikuwa ameshasema kwamba uovu wa Sodoma ulikuwa kiburi, shibe, na kutoutia nguvu mkono wa maskini. Talmud inasimulia kwamba maskini alipofika Sodoma kila mtu alimpa dinari iliyoandikwa jina la mtoaji, lakini hakuna aliyekubali kumuuzia mkate, na alipokufa kila mmoja alikuja kuchukua dinari yake. Hakuna aliyepoteza mali yake katika mji ule.

Kutokana na hapo marabi walitengeneza kanuni ya kisheria: mahakama inaweza kumlazimisha mtu aache tabia ya Sodoma, pale ambapo mwenzake anafaidika na yeye hapungukiwi na chochote. Matumizi yake yalibishaniwa. Mtu aliyenunua shamba linalopakana na shamba la baba yake aliomba, wakati wa kugawana urithi, apewe fungu lililo kando ya lile alilonunua. Rabba alisema ndugu zake walazimishwe kumpa, na Rav Yosef akapinga, kwa kuwa ndugu wanaweza kudai kwamba kipande hicho kina thamani ya pekee kwao. Maimonides, mwanasheria wa Kiyahudi wa karne ya 12, aliiandika kanuni hiyo kwa ardhi iliyo sawa kwa ubora pande zote. Mabishano hayo yananifundisha kwamba swali la kupungukiwa haliamuliwi kwa hisia. Lazima lichunguzwe kipande kwa kipande.

Shauri moja barazani lilihusu njia ya miguu. Mnunuzi wa shamba alikuwa ameziba njia ambayo akina mama waliitumia kwenda kisimani, na njia yenyewe ilipita pembeni, juu ya mawe yasiyolimika. Mjumbe mwenzetu, mama mtu mzima ambaye huzungumza mara chache, alimuuliza, "Baba, watu wakipita pale, wewe unapungukiwa nini?" Akajibu, "Sipungukiwi, mama, lakini ni pangu." Alijibu kwa adabu na kwa ukweli, na hatukuwa na sheria mikononi ya kumlazimisha, kwani baraza la kijiji hupatanisha, halihukumu. Njia ikabaki imezibwa. Naamini mahakama ya marabi ingekuwa na neno la kumwambia, kwa sababu alikuwa amekiri mwenyewe kile ambacho kanuni yao inahitaji kithibitishwe.

Kisa kingine cha Talmud kinafaa viwanja vyetu vipya, ambako kifusi cha ujenzi hurundikwa barabarani. Mtu alikuwa akiondoa mawe katika eneo lake na kuyatupa kwenye njia ya umma; mcha Mungu mmoja akamwuliza kwa nini anatoa mawe mahali pasipo pake na kuyatupa mahali palipo pake. Yule mtu akamcheka. Baada ya muda aliuza shamba lake, akapita kwenye njia ile, akajikwaa katika mawe yale yale.

Je, kila kitu kinaweza kulazimishwa? Walimu hao walijua kwamba hapana, na walijua pia kwamba sheria peke yake haitoshi. Wapagazi walimvunjia Rabba bar bar Hanan pipa la mvinyo, naye akachukua mavazi yao kufidia hasara. Wakamwendea Rav, akamwambia mwenye mvinyo awarudishie mavazi. Akauliza kama hiyo ndiyo sheria, na Rav akamjibu kwamba ndiyo, akinukuu Mithali 2 kuhusu kuiendea njia ya watu wema. Wapagazi wakasema kwamba wao ni maskini, wamefanya kazi mchana kutwa, wana njaa na hawana kitu. Rav akaamuru walipwe pia ujira wao, kwa sehemu ya pili ya aya ile ile, inayotaja mapito ya wenye haki. Kwa hesabu ya kawaida mwenye mvinyo alikuwa na haki ya kudai fidia. Rav alimdai zaidi, nadhani kwa sababu mwenye mvinyo alikuwa mtu wa elimu na uwezo, na wapagazi hawakuwa na akiba ya kubeba hasara hiyo. Mahali pengine Talmud inasema Yerusalemu uliharibiwa kwa sababu watu wake walishikilia haki zao kwa mujibu wa sheria bila kwenda hatua moja zaidi ya sheria. Ni kauli nzito, na imetoka kwa watu ambao maisha yao yote yalikuwa ni kuifafanua sheria.

Kuna upande ambao unaweza kuwakera wanaopenda mafundisho haya, nami nauheshimu. Kumbukumbu 15 linafuta madeni kila mwaka wa saba, na linaonya mtu asimnyime maskini mkopo kwa kuogopa mwaka huo kukaribia. Watu wakanyima. Hillel, aliyeishi katika enzi ya Herode, alipoona maskini hawakopeshwi tena, alianzisha hati iitwayo prozbul, ambayo kwayo madeni hukabidhiwa mahakamani na hivyo hayafutiki. Yaani sheria iliyokusudiwa kumlinda maskini ilikuwa imemfungia mlango, na mwalimu mkubwa akatafuta njia ya kuupunguza ukali wake kwa ajili ya maskini huyo huyo. Talmud inapouliza mamlaka yake yalitoka wapi, jibu mojawapo ni kwamba mahakama ina uwezo wa kuitangaza mali ya mtu kuwa haina mwenyewe. Hapo napo umiliki unaonekana kuwa kitu kinachotegemea jamii inayoutambua, hata unapotumiwa kumlinda mkopeshaji.

Sasa narudi kwenye ardhi na namna inavyogawanywa. Kwa mujibu wa Talmud, Yoshua alipowaingiza Waisraeli nchini aliweka masharti 10 juu ya mashamba watakayopewa. Watu walishe mifugo katika misitu na waokote kuni katika mashamba ya wengine. Chemchemi mpya ikibubujika katika mji, wenyeji wote wateke. Kila mtu avue kwa ndoana katika bahari ya Tiberia. Watu wapite kwenye vijia vya mashamba ya watu mavuno yakishatoka, hadi mvua ya pili inyeshe. Aliyepotea kati ya mizabibu akate matawi ajitafutie njia ya kutokea. Mkulima wa Ugogo hahitaji kuelezwa maana ya sharti la vijia, kwa kuwa hapa nasi, uwele na mtama ukishavunwa, ng'ombe wa jirani waliingia kula mabua na watu walikatiza mashambani hadi msimu mwingine wa kulima, na hakuna aliyeona kwamba amevamiwa.

Umuhimu wa simulizi hilo kwangu uko katika wakati wake. Masharti yaliwekwa kabla ya ardhi kugawanywa, hivyo aliyepokea fungu lake alilipokea likiwa na kijia ndani yake, na mpita njia hakuhitaji kumwomba. Yule mnunuzi wa barazani alipokea shamba ambalo karatasi zake hazikutaja njia yoyote, na tulipokuja kumsihi tulikuwa tumechelewa. Tulikuwa tukimwomba atoe kitu ambacho kila aliyehusika katika kuuza alikuwa amemwambia ni chake. Desturi yetu ilikuwa na sharti lile lile la Yoshua, lakini haikuandikwa, na mpimaji hakuiona ardhini.

Vijiji vinavyozunguka jiji bado vina nafasi. Sheria ya mwaka 1999 inakipa kijiji uwezo wa kusimamia ardhi yake, na mpango wa matumizi bora ya ardhi hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, ambamo kila mtu mzima ana sauti. Nimeomba kwamba katika mkutano wetu ujao tuorodheshe njia za kwenda visimani, mapito ya mifugo, muda ambao mabua yanakuwa wazi kwa ng'ombe wa wote, na miti ambayo kivuli chake ni cha mkutano, kisha tuyaingize yote katika ramani na katika sheria ndogo za kijiji kabla bikoni ya kwanza haijasimikwa. Wapo watakaosema kwamba tunashusha bei ya viwanja. Huenda bei ikashuka kidogo, na mnunuzi atajua anachonunua.